Ripoti ya Sara kwa mwandiko wangu

Skola, usinipigie. Nimejifungia chooni hapa kwenye semina ya walimu. Soma tu.

Si tuliambiwa kila mtu aje na ripoti ya mtoto aliyeshindwa kusoma? Nikabeba ya Sara, binti wa mzee Gidamis, yule niliyekuwa namwita mvivu.

Mwezeshaji kaisoma mbele ya watu wote. Anachanganya b na d. Anaruka mistari. Ukimsimulia hadithi anairudia yote, ukimpa kitabu anatoka jasho. Miaka mitatu ya kumfundisha, Skola, na yote kwa mwandiko wangu!

Anasema hiyo ndiyo disleksia. Mtoto ana akili zake timamu, maandishi tu ndiyo yanamsumbua, na anafundishika. "Mwalimu huyu aliona kila dalili. Mpigieni makofi."

Wakanipigia. Makofi!

Halafu akaniuliza, "Ulimsaidiaje?"

Ningesema nini? Kwamba nilimchapa? Kwamba chini kabisa niliandika "hana akili ya shule" nikasaini? Huo mstari hakuusoma. Aliikunja karatasi akanirudishia.

Sara sasa anachunga ndama Yaeda Chini. Shule aliacha.

Na mzee Gidamis hajui kusoma, Skola. Ripoti nilimsomea mimi. Alibisha, akasema ujumbe wake wote kwa ndugu zake anaupeleka huyo huyo Sara, neno kwa neno. Nikamsomea tena mstari wa mwisho.

Akasema, "Basi, mwalimu. Wewe ndiye unayejua kusoma."