Uji wa Mchana

Kwaluguru, Handeni
22 Februari 2025

Mpendwa wifi yangu Maryamu,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mume wako. Sisi huku hatujambo, ila goti langu limeanza tena ukorofi wake, na mbuzi wa jirani wamekula kunde zangu hata jani halikubaki. Simu ninayo, lakini mtandao wa huku mpaka upande kichuguu cha nyuma ya msikiti, na pale huwezi kusema la ndani, maana kila anayesubiri zamu anakusikiliza. Ndiyo maana nampa konda wa basi barua.

Ramadhani inabisha hodi. Najua ninyi wa mjini mtavunja jungu wiki nzima, mle nyama kama mnahama. Kuleni, mimi nitakuja kumi la kati nifuturu nanyi. Nitaleta mihogo ya huku, hiyo ya Korogwe ina nyuzi kama kamba za mkonge.

Wifi, sijui kuficha. Hapa kijijini bado wananiuliza, "Hajira, yule Msambaa wenu, mtoto wa watu wa kanisani, anafunga kweli?" Nawajibu anafunga kuliko ninyi mliozaliwa ndani ya uislamu. Mimi ndiye niliyemlea Salimu mama yetu alipofariki, na ndiye niliyekaa ubavuni kwako siku uliyosilimu, kwa hiyo jina lako ni jina langu. Usiniangushe.

Na tumbo je? Mwaka wa nne huu. Nauliza tu, usinune.

Wifi yako,
Hajira


Masuguru, Korogwe
26 Februari 2025

Wifi Hajira,

Shikamoo. Waalaykum salaam. Sisi tu wazima, Salimu anakusalimia sana, pikipiki za watu zimemjaa gereji mpaka hana pa kukaa. Pole na goti, pole na kunde. Hao mbuzi ndio wangeanza kufungishwa.

Mwanzo nilikuwa nafunga kwa ajili ya Salimu, sikufichi. Mwaka jana ndipo nilipojikuta nafunga mwenyewe. Salimu alikuwa Mombo kikazi, niko peke yangu nyumba nzima, maji ya mtungini yananitazama, hakuna wa kuniona, na sikuyataka. Nilifurahi siku ile mpaka nikacheka peke yangu kama mwehu.

Kuna jambo nitakuambia Idi ikipita. Si la kuandika, na mama yangu alitufundisha kwamba mambo mengine hayasemwi mapema. Usinune na wewe.

Mfungo unaingia. Kama nimekukosea kwa neno au kwa kunyamaza, naomba radhi. Karibu sana, kitanda chako kipo.

Wifi yako,
Maryamu


Kwaluguru
20 Machi 2025

Maryamu,

Assalaam alaykum. Nimefika salama na afya ninayo. Nilitaka kunyamaza, nimeshindwa.

Nilitoka kuswali adhuhuri kwako pale, nikaingia jikoni kutafuta kisu, nikakukuta nyuma ya mlango na bakuli la uji, kijiko mdomoni. Nikakuuliza, uko katika siku zako? Ukatikisa kichwa. Una homa? Ukasema hapana. Sasa mtu asiye na hedhi wala homa, anakunywa uji mchana kweupe, tumwiteje? Ndiyo maana jioni, majirani wamekaa mkekani wanasubiri adhana, nilisema, "Huyu kobe wetu naye mpeni tende, asije akafa na njaa." Walicheka wao, mimi sikucheka. Nawe ukaendelea kugawa mihogo kama hukusikia. Salimu aliinamia bakuli lake, asiinue kichwa mpaka watu wakaondoka. Mdogo wangu yule namjua tangu anatambaa. Alikuwa anaona aibu.

Nitawaambia nini watu wa huku? Nilikusemea kila mahali. Mche Mungu, Maryamu. Binadamu utamjifichia nyuma ya mlango, yeye utamjifichia wapi?

Hajira


Masuguru
25 Machi 2025

Wifi,

Shikamoo. Barua nimeipata. Tangu ulipoondoka sijala mchana hata siku moja. Kizunguzungu kinanishika, nikilala kidogo kinapita. Salimu aliniambia nile, nikamwambia aende akakuambie wewe kwanza. Akaenda gereji.

Wakikuuliza, waambie anafunga.

Maryamu


Kwaluguru
9 Aprili 2025

Mpendwa wangu Maryamu,

Assalaam alaykum. Naona haya hata kukuuliza hali, lakini nakuuliza. Umeamkaje? Damu imekoma? Unakula?

Salimu alikuja juzi peke yake. Nilikuwa napepeta mahindi, nikamtania, mke umemficha wapi, au Idi imemnogea? Akakaa chini pale uani akaniambia yote. Kumbe ulikuwa na mimba, changa, ya kwanza baada ya miaka yote hii. Nesi wa kliniki alikuwa amekuambia damu yako ni ndogo, usifunge. Mkaafikiana msimwambie mtu mpaka Idi ipite. Na kabla ya Idi yenyewe ikatoka.

Nilimpiga mdogo wangu kofi, mwanamume mzima na ndevu zake. Nikamuuliza kwa nini pale mkekani hakufungua mdomo. Akasema, "Dada, wewe nani anaweza kukujibu?"

Nilikuuliza hedhi, nikakuuliza homa. Mimba sikuuliza. Na sheria naijua, wifi, nimeisikia tangu nina meno ya utoto, kwamba mjamzito akijihofia au akimhofia mtoto wake anakula, atalipa baadaye. Wewe ulikuwa unamtii Mungu kwa ule uji wako, na mimi nilikuita kobe mbele ya watu. Kila mara nakuuliza habari za tumbo, na siku tumbo lilipokuwa na habari sikusubiri kuzisikia.

Usiku nikilala nakuona unagawa ile mihogo. Nimejuta, Maryamu. Neno ni hilo, sina lingine. Naomba radhi kwako, na kwa wazazi wako. Nataka nije nikupikie, nikukande, nikae hata mwezi, mashamba yatajijua. Niandikie tu kwamba nije.

Wifi yako, kama bado unanikubali,
Hajira


Old Korogwe
14 Juni 2025

Wifi Hajira,

Shikamoo. Unisamehe kwa kuchelewa kujibu. Barua yako ilifika Masuguru, Salimu akaileta huku kwa wazazi wangu, ndiko niliko tangu Aprili. Mwili umepona. Baba anakusalimia, na mama pia. Hawajasema neno baya juu yenu.

Daktari alisema mimba changa hutoka kwa sababu nyingi, si lazima iwe saumu. Mimi pia sijui, na sitakuambia kuwa ni wewe. Radhi uliyoomba nimekupa kwa moyo mmoja.

Lakini usije. Na Salimu nimemwambia asiniletee wazee wa kunirudisha. Wewe hukujua. Yeye alijua yote, akaangalia bakuli lake. Nimejaribu kumsamehe na hilo nadhani nitaliweza, ila kula naye sahani moja siwezi tena.

Huko kwenu najua wanasema nimerudi kanisani. Sijarudi. Nafunga hapa hapa, peke yangu nyumba nzima. Mama yangu wa watu, mwanakwaya tangu usichana wake, anaamka kabla ya alfajiri ananipashia daku, anakaa pembeni na Biblia yake mpaka nimalize, kisha anarudi kulala. Siku ya kwanza nililia nikiwa natafuna.

Siku nilizokunywa uji hazikuwa nyingi, nimeshazilipa. Ninazofunga sasa ni zile za baada ya wewe kuondoka. Mwalimu wa madrasa ya akina mama ameniambia zile zilishahesabika, nisijitese. Sikumbishia. Lakini mimi ndiye niliyekuwa ndani ya zile siku. Kila nilipotamani maji sikusema Mungu ananiona, nilisema Hajira atasikia. Mungu alikuwa amenipa ruhusa ya kula, wewe ulikuwa hujanipa, nikakutii wewe.

Kwa hiyo nazirudia zote, safari hii nimfungie Mungu mwenyewe. Leo jua ni kali na adhana bado. Naishia hapa.

Maryamu