Gari Lililoandikwa Saidi

Wembley, London

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Mama hajambo? Goti lake limekubali kukunjika au bado anaswalia kwenye kiti? Shemeji je, na watoto, na wewe mwenyewe na presha yako? Mimi nipo. Nakula, nalala, naenda kazini. Ukitaka habari za afya yangu ndizo hizo, sina nyingine.

Barua hii anakuletea Mama Zuhura, jirani yangu hapa Wembley, anayekuja Tanga likizo. Nimeandika kwa kuwa simu zangu hupokei. Sikulaumu. Siku uliponipigia kuniambia kwamba mdogo wetu Saidi ameanguka gereji na roho imetoka, nilikujibu "sawa," kisha nikakuuliza kama mvua imenyesha. Ukasema, "Bakari, wewe una moyo au una jiwe?" Ukakata. Nilikuwa kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, nikimnyoa mzee mmoja ndevu. Nilirudi nikammalizia shavu la pili.

Kuja kuzika sikuweza, hilo unalijua. Karatasi zangu za ukaazi zilikuwa Croydon, kwenye ofisi ya uhamiaji, zikingoja majibu, na ukitoka nchini kabla hazijajibiwa umezifuta mwenyewe. Lakini kulia hakuhitaji pasipoti, Dada, na hata hilo limenishinda. Nimekaa miezi yote hii kama mguu ulioingia ganzi. Naujua ni wangu, basi. Ulimtuma mtu aniambie kwamba wanaume wa mtaa mzima walitia udongo kaburini, kila mmoja magao yake matatu ya kiganja, na kwamba wa kaka yake tu ndio haukuwepo. Niliposikia nikasema "ndiyo," nikaenda kufua.

Sasa nikusimulie jambo, na kama utacheka, cheka tu.

Pale kazini tuna mpishi, mama wa Kiingereza anaitwa Maureen, ana wajukuu na mikono ya mtwanga mahindi. Huyu mama, Jumapili, ni dereva wa mashindano. Si mashindano ya magari ya kung'aa. Wanachukua gari kuukuu, wanang'oa viti na vioo, wanalichomelea vyuma mbele na nyuma, halafu wanazunguka nalo kwenye uwanja wa udongo mwekundu uliomwagiwa maji. Kugongana si kosa, ndio mchezo wenyewe. Marehemu Saidi angeshika kichwa. Yeye alihangaika miaka kufufua magari ya watu, wenzake huku wanayaua kwa mchana mmoja.

Maureen alinishika mkono jikoni akasema, "Bakari, unatembea kama umelala. Jumapili twende wote." Nikaenda, maana kukataa nako kuna kazi yake. Tukapanda gari lake, lile la mashindano likiburutwa nyuma, mpaka nje ya mji.

Tulipofika akanipa kopo la rangi nyeupe na brashi.

"Mdogo wako alikuwa anaitwa nani?"

"Saidi."

"Mwandike juu ya paa. Sisi wetu tunawaaga hivyo. Tunawabeba."

Nikaandika SAIDI, herufi kubwa. Kweli, kabla ya kuanza, magari yote yalizunguka mara moja polepole, la Maureen mbele, na watu wakasimama wakavua kofia. Mwingereza akivua kofia kwenye baridi ile, ujue amekuheshimu. Nikadhani imekwisha, sasa lile gari litawekwa kando kwa adabu. Thubutu! Bendera ya kijani ikapepea, na yule mama akalivamia kundi. Udongo uliruka ukapita uzio ukatupiga usoni. Raundi ya tatu au ya nne akagongwa ubavuni, gari likapinduka, na jina la mdogo wangu likalala chini kwenye tope. Nilingoja niumie. Sikusikia kitu.

Maureen alitoka kupitia dirishani akicheka, meno yote mekundu kwa udongo. Wakaligeuza gari, wakaliburuta nyuma ya uwanja, wakasema hilo sasa ni la vyuma chakavu. Lilikuwa limebonyea kila mahali, na paani ilionekana SA tu.

Dada, sijui nilifanyaje. Nilijikuta nimeinama, nimejaza udongo kiganjani, nao ulikuwa mwekundu kama wa kwetu Muheza. Nikautupa juu ya jina. Nikarudia, na mara ya tatu, na yale maneno yanayosemwa kaburini nikayasema. Nilipoinuka, watu wote wananitazama.

"Ni mila ya kwao," Maureen akawaambia kwa sauti, na yeye mwenyewe akainama akachota.

Basi wakapanga foleni! Unawajua Waingereza kwa foleni. Madereva, mafundi, wake zao, wote wakafuatana. Mzee mmoja akavua glovu akaniuliza, "Mkono wa kulia au wa kushoto?"

"Wa kulia."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

Akatupa mara tatu kwa utulivu, akanipa mkono akasema gari lile lilistahili. Alidhani kwetu ndivyo tunavyozika magari. Sikumsahihisha. Najua gari si kaburi, na kwamba walikuwemo wanawake, kwa hiyo maalimu wetu usimwambie. Lakini walitia udongo mpaka ile SA ikafunikwa, na hakuna aliyecheka. Nilirudi nyumbani nikalala na viatu.

Huo ndio moyo wangu, Dada, kama ulivyoniuliza. Sijui unauitaje.

Msalimie shemeji, na mama mdogo Rukia wa vitumbua. Mjane wetu Asha mpe pole yangu, siku ile sikumpa, na naona haya. Watoto wabusu kila mmoja shavuni.

Na Mama, mkalishe kwanza, halafu mwambie taratibu kwamba mwanawe mkubwa wa kiume naye ametia udongo. Sikulia. Lakini nimemzika.

Mdogo wako,
Bakari