Kinyozi Arudi au Asirudi

9 Machi

Dada mpendwa,

Salamu nyingi kutoka karakana hii ya friji zisizogandisha na fundi wao ambaye naye siku hizi hagandishi. Vipi mgongo? Na ile mashine ya kufulia mashuka ya hospitali bado inawatemea maji miguuni? Sisi wazima. Wifi yako anakusalimu na anasema nikufikishie malalamiko: ana mume wa jina tu, kwa sababu kila Jumamosi mume huyo anahamia kwenye nyumba ya wapangaji na anarudi Jumapili jioni akiwa amechoka kama mtu aliyebeba saruji. Goti langu la kushoto linalia kama mlango wa friji kuukuu. Mengine ni kitambi, na hilo si gonjwa, ni tabia.

Ninaandika kwa sababu nimekwama. Redio ilipoukatisha ule mchezo wetu wa wapangaji bila kuumaliza, ilituachia Kinyozi amesimama mlangoni, sanduku mkononi, anaondoka, na mama yake, Mama Mwenye Nyumba, yuko jikoni anakoroga uji hajui lolote. Nilipoanza kuuendeleza mwenyewe kwenye lile kundi la simu nilidhani tutakuwa wazee sita wenye mvi na kumbukumbu mbaya. Sasa wamejaa, na wana maneno. Wanataka Kinyozi arudi. Mmoja wao, dereva wa gari la taka, ameniandikia kwamba nisipomrudisha Kinyozi kwa mama yake atanifuata karakanani anirudishe mimi kwa mama yangu.

Nasita. Nikiongeza kisa cha Kinyozi kurudi, sijui Mama Mwenye Nyumba atabaki kuwa nani. Nusu ya vichekesho vyake ni kumngojea: ile sahani anayoifunika kila jioni, wapangaji wanaoinyemelea. Akirudi mwenye sahani, tutacheka nini?

Na kuna jambo jingine, unalijua. Kwako pia kuna mtu hajarudi. Hakuna sura yangu iliyowahi kutoka bila kupita kwako ukaichorachora pembeni kwa kalamu nyekundu, kwa hiyo hii nayo sitaiandika mpaka useme. Arudi au asirudi?

Kijiti hajapiga? Nauliza tu.

Mdogo wako,
Fundi

28 Machi

Mdogo wangu Fundi,

Barua nimeipata kwa kondakta, imekunjwa kama kitambaa cha kufungia nyanya. Hatujambo, kwa maana kwamba tunaamka. Mgongo unaniuma nikiinama na unaniuma nikinyooka, basi sijui niuweke wapi. Mashine ilitengenezwa wiki iliyopita na fundi ambaye hana kitambi. Labda ndiyo maana imepona.

Sura ya mwisho niliwasomea wenzangu chumba cha pasi wakati wa chakula. Walicheka mpaka msimamizi akaja kuuliza nani amekufa. Lakini rudia hapa na pale, nimeweka nyekundu. Ile pua ya mpangaji wako Mwalimu ni ya baba. Kikohozi cha Mshonaji ni cha jirani yangu wa chumba cha pili, naye yumo kundini, ataniuliza. Hujawahi kubuni hata kijiko, wewe. Kila kitu unakiokota nyumbani kwa watu, na kazi yangu imekuwa kuandika pembeni "hiki cha nani?"

Sasa Kinyozi. Wenzangu nao wanamtaka. Mimi simtaki, na nitakuambia kwa nini ili usinizungushe.

Kijiti alinipigia mara ya mwisho kutoka ule mji wa malori. Alisema, "Mama, kesho tunapanda lori, nikifika ng'ambo ya jangwa nitapiga." Tangu hapo nikipiga mimi, ananijibu yule mwanamke wa kampuni ya simu, na nimeshamchoka. Ukimrudisha Kinyozi kabla wangu hajarudi, nitamwonea wivu Mama Mwenye Nyumba. Nitamwonea wivu mwanamke ambaye hayupo, Fundi. Nimebakiwa na akili kidogo, usinimalizie.

Wala usimuue. Mwache mlangoni na sanduku lake. Kuna siku naona redio ilijua ilichokuwa inafanya.

Msalimie wifi yangu, mwambie mume wa jina ni nafuu kuliko mume wa makelele.

Dada yako

2 Juni

Dada mpendwa,

Habari za siku nyingi. Nisamehe ukimya. Kazi zilinizidi, umeme unakatikakatika na kila friji ya mtaa imeamua kufa kwa pamoja. Unaendeleaje? Wifi yako mzima, anakusalimu sana, sana.

Nimefikiri tena juu ya kisa cha Kinyozi. Nadhani kuna njia ya tatu: asirudi yeye, kirudi kitu chake. Wasomaji wapate kujua, na Mama Mwenye Nyumba apate kupumzika. Maana kumngojea mtu bila mwisho ni adhabu, si ndiyo? Nauliza kama mwandishi. Sura yenyewe sijaitoa kokote, nimekuletea wewe kwanza. Soma taratibu, ukiwa umekaa.

*Dereva wa lori hakuvua kofia. Aliuweka mkoba juu ya meza ya jikoni, kati ya bakuli la chumvi na sahani iliyofunikwa, akasema ameagizwa na wenzake. Wapangaji walijipanga ukutani. Hata Mwalimu, ambaye huwa na la kusema juu ya kila kitu, alitazama kucha zake. Mama Mwenye Nyumba akafungua zipu. Akatoa brashi ya kunyolea. Akatoa shati la mistari lenye kifungo kimoja cha rangi nyingine. Chini kabisa akatoa mkanda wa suruali, na karibu na ncha yake tundu lililotobolewa kwa msumari wa moto, kingo zake zimeungua. Akaingiza ncha ya kidole tunduni. "Alikuwa amekonda," alisema.*

Ni hapo nilipofika. Niambie kama inafaa. Na kama haifai, niambie hivyo hivyo, sitakasirika, mimi ni mtu wa kugandisha tu.

Mdogo wako,
Fundi

11 Juni

Fundi,

Salamu nimezipata. Za afya tuziache leo.

Nimeisoma mara nyingi. Kwanza niliisoma pale chumba cha pasi, peke yangu, maana kitu fulani kilinikataza kuwasomea wenzangu. Nikashika kalamu nyekundu kama kawaida yangu. Brashi ya kunyolea ni ya baba, ilikuwa dirishani. Shati la mistari ni lako, kifungo nilikishona mimi siku unakwenda kuoa. Kofia isiyovuliwa ni ya yule mwenye nyumba wako wa zamani.

Nikafika kwenye mkanda.

Mkanda ule nilimtobolea Kijiti mwenyewe, siku moja kabla hajaondoka. Suruali ilikuwa inamvuka, nikapasha msumari kwenye jiko, yeye ameshika mkanda juu ya kigoda, ananiambia, "Mama, usinitoboe mguu, nitautumia." Jikoni tulikuwa wawili. Sijawahi kumwambia mtu. Si wifi yangu, si wewe. Halikuwa jambo la kusimulia, ni tundu tu.

Nimekujua tangu unatambaa. Hubuni. Basi nakuuliza swali langu lile lile: hiki cha nani? Nani amekuambia?

Usinipigie simu, sitapokea. Usije. Kwa mdomo utanizungusha, utaleta friji na kitambi, nitacheka, na nikishacheka sitakusamehe. Andika. Andika bila Mama Mwenye Nyumba.

Dada yako

15 Juni

Dada yangu,

Naandika kama ulivyosema.

Katikati ya Aprili alikuja mtu karakanani, mpiga rangi, ametoka huko. Hakuja na friji. Aliuliza kama mimi ndiye ninayeandika habari za nyumba ya wapangaji. Nikadhani ni yule dereva wa taka, nikaanza kutania. Akasema, "Mimi nilisafiri lori moja na mpwa wako."

Lori liliharibika katikati ya jangwa. Maji yaliisha. Wenye nguvu walitembea kutafuta msaada, na Kijiti alikuwa na homa, akabaki kivulini chini ya lori na wengine wawili. Walipopata gari na kurudi, mmoja wa wale watatu alikuwa hai. Hakuwa Kijiti. Walimzika hapo hapo kando ya njia, wakapanga mawe. Mpiga rangi alishika miguu. Alizikwa na mkanda wake.

Habari ya tundu aliwahadithia mwenyewe, njiani, akiwaonyesha na kucheka kwamba mama yake alitaka kumtoboa paja. Mpiga rangi aliponiambia hivyo niliamini mengine yote. Kabla ya hapo nilikuwa nabishana naye, nasema vijana wembamba ni wengi.

Nilijua tangu Aprili. Kila nikikaa kukuandikia, kalamu inakwenda kwa wapangaji. Nikajiambia nitakuandalia njia: asikie kwanza Mama Mwenye Nyumba, ndipo usikie wewe. Mkanda ulijiandika wenyewe, sikuona kwamba ni wake mpaka barua yako ilipofika. Ndivyo nilivyo. Hata hili nililiokota.

Kuna jambo moja zaidi, na hili nilitaka kukupa kwa mkono. Mle ndani ya lori walikuwa wanasimuliana kupitisha muda. Kijiti aliwasimulia mchezo wetu, sura kwa sura, kama nilivyoandika. Sura zilipomwishia akaendelea na zake. Kwenye zake Kinyozi alirudi. Mpiga rangi anaikumbuka: asubuhi, wapangaji wote wako uani wanagombania bomba, hakuna anayemtazama mwenzake, na Kinyozi anakuja na ndoo, anasimama nyuma ya foleni. Mama Mwenye Nyumba anapita na fagio, anamwambia, "Wewe mrefu, sogea." Hajamtambua bado. Kijiti aliishia hapo. Aliwaambia kilichobaki atawamalizia wakifika.

Namba ya mpiga rangi nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Niko hapa, ukisema njoo nakuja.

Mdogo wako

30 Juni

Dada,

Kimya chako kinatutisha. Wifi yako amefunga mizigo tangu juzi, begi liko mlangoni, analiruka akipita. Jirani yako anasema unakwenda kazini na kurudi, na kwamba taa unawasha. Basi sitakiuka ulichosema. Ila neno moja tu, hata tusi.

Fundi

9 Julai

Mdogo wangu,

Mgongo ni ule ule. Kazi naenda, mashuka hayajui habari za mtu.

Nilikaa na ile namba siku nyingi. Juzi nikapiga. Mpiga rangi wako ana sauti ndogo, anaongea kama aliyekosa yeye. Nilimuuliza jambo moja tu: mkanda ulikuwa na matundu mangapi. Kwa maana wewe uliandika moja, na mimi nilikuwa nimelishika hilo moja kama mtu aliyeshika kamba. Alifikiri kidogo, akasema, "Mawili, mama. Alisema la kwanza ulikosea."

Yalikuwa mawili. La kwanza nilikosea, lilikwenda upande. Kwa hiyo ni yeye.

Sura ile ya mkoba ichane. Nimekurudishia, sikuandika kitu pembeni, lakini ichane.

Kinyozi arudi. Nilisema simtaki, na bado wivu ninao, usidhani umeisha. Lakini kisa hicho si chako wala si changu kusema kiongezwe au kisiongezwe. Kimeshaongezwa. Andika kama alivyosimulia: bomba, ndoo, nyuma ya foleni, "Wewe mrefu, sogea." Mkanda mvike kiunoni. Matundu yawe mawili, moja limekwenda upande, ndiyo mama atakayomtambulia, ila bado hajayaona.

Pale alipoishia na wewe ishia. Usiwamalizie. Wakilalamika kundini, walalamike.

Na Mama Mwenye Nyumba usimlize. Mimi bado sijalia, asinitangulie.

Njooni sasa, wewe na wifi yangu. Hiyo sura njoo nayo, nitaisoma mwenyewe pale chumba cha pasi, wewe ukae kwenye kiti cha msimamizi. Kalamu nyekundu nimeiacha kazini, sitaihitaji.

Dada yako,
Mama Kijiti