Mvumo Ule Ni wa Friji

Ndiyo, mjukuu wangu, ni mimi niliyechomoa friji, usimwulize bibi yako. Na hiyo maikrofoni usiirudishe dukani! Si mbovu.

Asubuhi umeondoka umenuna, hata chai hukunywa, eti kila ukirekodi kuna mvumo nyuma, vuuu, kama nyuki wamo ndani ya kompyuta. Ukasema muziki basi tena. Iliniuma, mama. Nani atatuimbia humu ndani? Mimi?

Sasa nimechomoa friji nipige pasi shati. Kompyuta yako uliiacha inarekodi. Nilipopita chumbani kwako nikaona ule mstari unaotetemeka kwenye skrini umelala tuli. Nikachomeka friji, ukatetemeka. Nikachomoa, ukalala. Kumbe mchawi wetu yuko jikoni, nyuma ya ukuta wako!

Kwa hiyo ukirudi imba kwanza, ndipo uchomeke friji. Samaki ~~wako salama~~ wameyeyuka wote, nilijisahau. Bibi yako anasema, "Mzee mzima, friji imekushinda!" Atawakaanga wote leo. Natoka kununua mafuta.

Babu

Nimerudi, nimekukuta unaimba. Bibi yako aligoma kuwasha jiko mpaka umalize, kasimama na mwiko mkononi, hata kukohoa hakohoi. Ulipomaliza, friji nimechomeka. Sasa wewe unajisikiliza, umeziba masikio na hizo hedifoni, tunakuita husikii, ndiyo maana napitisha karatasi hii chini ya mlango. Samaki wako mezani, sote tumeshakaa, na shangazi yako anakitazama kipande chako. Toka, mama, tule.