Watoto wa Tangi la Ng'ambo

Dada Zuhura,

Habari za huko siulizi, maana hakuna wa kunijibu. Huku ni kiangazi, vumbi la mtaa wetu wa Ng'ambo limeingia hadi kabatini, na mama hajambo, magoti tu ndiyo yanayomsumbua. Ninakuandikia kwa sababu amenipa agizo nikufikishie. Nitalifikia, ila niache nianzie mwanzo, kwani ulizoea kunisema kwamba nikisimulia jambo naanzia mkiani.

Baada ya arobaini yako walikuja watu wa redio. Walitaka kujua ilikuwaje mwanamke wa Tabora, mji usio na ziwa wala mto wa maana, akawa wa kwanza mjini humo kufundisha watoto wachanga kuogelea. Niliwaambia ulianzia Kigoma, ulipopelekwa kufundisha chekechea ukamkuta mama mmoja mgeni akiwafundisha watoto kuelea ziwani, nawe ukawa mwanafunzi wake kila mwisho wa wiki. Wakaandika, wakanywa chai, wakaenda zao.

Sikuwaambia habari za Ziba. Ilikuwa harusi kwa mjomba kijijini huko, wewe uko darasa la sita, mimi la tatu. Mdogo wetu Idi aliwafuata watoto wakubwa, akatumbukia kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe. Alikuwa na miaka miwili. Waliokuja kuhani wote walimwambia mama neno moja, kwamba siku yake ilikuwa imefika, na mama akalishika neno hilo kwa mikono miwili. Tangu hapo jina la Idi halikutajwa nyumbani kwetu. Hakuna aliyetukataza. Tulijikataza wenyewe.

Uliporudi kutoka Kigoma, baba alikuwa ameshafariki. Ukamwomba mama lile tangi la saruji la uani, alilojenga baba kwa ajili ya maji ya mvua, ukitaka fundi alipanue na kuliwekea ngazi. Mama alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho. Akasema, "Lifanye unavyotaka. Mimi sitakuwepo." Na kweli hakuwepo. Kila Jumamosi alivaa baibui lake akaenda Kanyenye kwa shoga yake, akarudi watoto wameshaondoka na uani pamekauka.

Kazi zangu unazikumbuka. Nichemshe maji kwenye masufuria ya shughuli, nimimine tangini, nikuite. Unaingiza kiwiko, unatikisa kichwa kama mtu anayepunguziwa bei isivyomridhisha, narudi jikoni. Nilikuwa nanung'unika, nawe ulijitia husikii.

Halafu yakaja yale ya ubatizo. Ili mtoto azoee kubana pumzi, ulikuwa unammwagia maji kichwani kwa kata mara tatu huku unahesabu. Jirani yetu akachungulia juu ya ukuta, na kabla ya adhuhuri Ng'ambo nzima ilikuwa na habari kwamba binti wa marehemu fundi cherehani anabatiza watoto wa Kiislamu. Wazee wa msikitini wakatuma watu waje kuuliza. Wiki ileile akaja mama mmoja wa Ulyankulu, wale ambao wazee wao walitoka Burundi, rozari shingoni. Ulipoinua kata akakushika mkono: "Mwalimu, huyu padri ameshambatiza. Kurudia ni dhambi." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wewe hukucheka hata kidogo. Ukaacha kuhesabu, ukawa unamwaga mara moja tu huku unaimba wimbo wa kutwanga, na kwa kuwa wimbo wa kutwanga hauna dini, wote waliosusa wakarudi.

Ni hapo ulipogundua kwamba mama wa mtoto siye wa kumshawishi. Mjini kwetu bibi akikataa, limekataliwa. Ukaweka sharti lako: mtoto haguswi na maji mpaka bibi yake atie uso kwenye beseni na kufumbua macho humo ndani. Yule muuza vitumbua wa Kanyenye, mwenye mdomo wake, alikutukana kwanza, kisha akainama. Alipoinuka maji yanamchuruzika kidevuni akauliza, "Kumbe humu ni kimya hivi? Na mlikuwa mnaninyima?" Akaleta wajukuu wake wote.

Somo la mwisho nililichukia mimi. Ulikuwa unawatumbukiza wakiwa na nguo zao, soksi na viatu juu. Mtoto anazama, anajigeuza, anaibuka chali uso juu, anakohoa, analia. Mama yake naye analia pembeni. Mmoja alikuuliza kwa nini asivuliwe kwanza. Ukamjibu, "Mtoto hatumbukii lambo akiwa amevaa nguo za kuogelea." Ulilitamka lambo kama neno la kawaida. Nilikutazama, ukanipa kisogo.

Miaka ikaenda. Walikuja kutoka Urambo, Nzega, hata Shinyanga. Wengine ulikuja kuwafundisha watoto wao pia. Mabibi wote wa Tabora uliwainamisha kwenye beseni, isipokuwa mmoja aliyekuzaa. Nilidhani ni ukaidi. Nilidhani pia kwamba hukujali, kwa jinsi ulivyokuwa ukimuaga kila Jumamosi, "Safari njema, mama," kama anakwenda sokoni.

Ulipofariki tulilifunika tangi kwa mabati. Mwezi uliopita binti yako Salma alikuja kutoka Dar na mtoto wake, ana miezi tisa, kichwa chote chako. Hakuuliza mtu. Jumamosi asubuhi nikamkuta ameshafunua mabati, anasugua kuta. "Mama mdogo, masufuria yako wapi?" Nikaenda kuyatoa stoo.

Mama akavaa baibui. Alifika mlango wa uani, akasimama, kisha akalivua, akalikunja, akaomba kigoda. Nikamletea. Salma akaendelea na mtoto siku hiyo na Jumamosi zilizofuata, mama akiwepo, mpaka juzi lilipofika somo la nguo.

Mtoto akazama. Mama alishika paja langu kwa nguvu iliyoniumiza. Mtoto akageuka, akaibuka chali, akapiga chafya. Salma akamwacha aelee kidogo ndipo akamnyanyua.

Mama akauliza, "Na mtoto wa miaka miwili anaweza kufundishwa hivi?"

Salma hajui habari za Ziba, hukumwambia, nami sikumwambia. Akajibu kwa furaha zake, "Anaweza bibi. Tena huyo ndiye rahisi."

Dada, nimemzika baba, nimekuzika wewe, sijawahi kutamani ardhi inimeze kama wakati ule. Mama alisubiri Salma aingie ndani kumvisha mtoto. Kisha akasema, "Kwa hiyo haikuwa siku yake."

Nikamwambia hatukujua, mama. Wakati ule hakuna aliyejua.

"Nakwambia hivi, nilijua tangu nilipomsikia mtoto wa kwanza anatoka humo anacheka, nami niko mlangoni naondoka," akasema. "Ndiyo maana nilikuwa naondoka. Nikimtazama mmoja tu, nitaona kwamba Idi wangu angeishi. Na Zuhura alijua kwa nini naondoka. Miaka yote ile, hakuniambia kwa mdomo wake kwamba Idi angeweza kupona."

Nimelirudiarudia jambo hili kitandani. Nilikuwa nikikuona mgumu. Kumbe kila Jumamosi ulikuwa unamfungulia mama yetu mlango aende, ili abaki na lile neno walilompa waliokuja kuhani, kwa kuwa hakuwa na lingine. Na ukijua kabisa kwamba kazi yako nzuri kuliko zote ndiyo ambayo mama yako hataiona.

Agizo lake basi ndilo hili. Nilikuwa nampaka dawa magotini, akaanza kulisema polepole ili nisikosee, nami nakuandikia kama alivyolitamka:

"Mwambie dada yako nashukuru alininyamazia. Halafu mwambie angesema tu. Ningelia, yakaisha, nikakaa naye hizo Jumamosi."

Nimefikisha. Lala salama, dada.

Mdogo wako