Yule Binti Aliyekungojea

Mireille mujukulu wangu,

Jambo sana kutoka kwetu Jette, hapa Bruxelles. Mama yako ni muzima. Juzi tulienda Matonge, kwenye maduka ya Wakongomani, nikakununulia kitenge cha kukupokea nacho.

Bon, uliniuliza kwa simu: shule mbili za kuimba na kucheza jukwaani zimekukubali, moja hapa Bruxelles, moja huko Montréal uliko, na zote mbili ulienda kujaribiwa. Uchague gani?

Nilipokuwa kijana Lubumbashi, mukubwa wa kwaya alitujaribu kwa kinu: watu wawili, kinu kimoja, mutwange mihogo mukiimba. Mimi niliimba kwa kujionyesha, macho juu, mpaka muchi wangu ukapoteza mwendo. Mwenzangu Béa hakunicheka. Alipunguza wake, akaimba polepole mpaka nikamufikia. Kwaya ingine ilinisifu sana, lakini nilibaki na Béa.

Donc, nisikilize. Kwa simu, makofi waliyokupigia Bruxelles uliyasema mara moja tu. Yule binti wa Montréal uliyejaribiwa naye, aliyerudia wimbo mpaka ukakumbuka maneno uliyosahau, ulimusema mpaka chai yangu ikapoa.

Chumba chako hapa nilishakipanga. Kitenge nitakituma. Baki huko.

Kambo wako