Paka wa Vimraba

Karakana ya Masweta,
Chumba cha Nyuma.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa dada,

Habari za huko? Shemeji na wapwa zangu hawajambo? Kikohozi chako kimepoa, au bado unajifanya daktari wa nafsi yako? Sisi huku tunapumua. Ningesema tu wazima, lakini uongo ulinishinda tangu utotoni.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu mama anasikia kila neno, hata la kunong'ona.

Macho yake, dada. Daktari ametuambia dawa ya matone inachelewesha tu, hairudishi. Mama aliitikia vizuri, akashukuru, tukatoka. Njiani ndipo aliposema anachojutia ni kimoja: sura ya Kidoti, yule paka wake aliyekufa, inaanza kumpotea. Na picha hatukumpiga hata moja. Mbona tulikuwa wajinga hivyo?

Ndiyo maana nikamchora. Uliniuliza kwa nini kwa vipikseli, vile vimraba vidogo kama vya mchezo wa simu za zamani. Ni kwa sababu ya mashine yetu ya kufuma: kila kimraba kwenye picha kinakuwa kitanzi kimoja cha uzi. Nilitaka akae kwenye sweta, mama amshike.

Basi nikaomba maoni kwenye kundi la familia. Lo! Mlinimaliza. Wewe ukasema ni birika lenye masikio. Shemeji akauliza mkia ndio upi. Nami sikuwa na uhakika wa rangi yake, nikaandika kwa haraka, "Paka kijivu au kahawia?" Mjomba, si unajua akili yake yote iko kwenye ndoo ya rangi, akajibu, "Paka kijivu. Piga msasa kwanza, halafu mikono miwili ya rangi." Mlicheka siku nzima. Mimi nilizima simu. Muda wa mama unakwisha, nyinyi mnapiga soga!

Aliyenihurumia ni fundi mwenzangu, ingawa ana mdomo. Alisema huyo si paka, ni ajali. Akaniambia niondoe masharubu yote, nikuze macho, nipunguze mwili, maana kwenye vimraba vichache huwezi kusema kila kitu. Nilibisha, si ndilo jina mlilonipa. Mwishowe nikafuta. Doti jeupe la juu ya pua, lililompa jina, ndilo pekee nililokataa kuligusa.

Hata hivyo, sweta lilipotoka kwenye mashine nilikata tamaa kabisa. Ukilikaribia unaona vimraba vitupu, kama sakafu ya vigae. Ilibidi nirudi nyuma mpaka mlangoni ndipo paka akatokea. Nikasema kazi bure. Nikampelekea mama hivyo hivyo, kwa kuwa sikuwa na kingine.

Akalipokea, akalisogeza mpaka likagusa pua.

"Kidoti!" Dada, alipiga kelele kama mtoto. "Tazama anavyonikodolea, mwizi wa maziwa huyu! Umemtoa wapi?"

Nikamuuliza, "Mama, hivyo vimraba havikusumbui?"

"Vimraba gani?"

Akavitafuta kwa kidole, akacheka, akidhani namtania kama kawaida yangu. Sikubisha. Nilitoka nje nikalia. Nyinyi nyote mliona birika kwa sababu mna macho. Mimi nikimtaka Kidoti lazima nisimame mlangoni. Mama alimwona hapo hapo puani. Ukungu wa macho yake umeshafika huko, dada, na hakutuambia.

Sweta analivaa kila siku, jua liwe kali vipi. Anafurahi, na furaha yake inaniua.

Sasa acha kungoja likizo. Njoo. Na siku hiyo vaa nyekundu au manjano, rangi ya kupiga kelele. Simama karibu naye kabisa, usiseme neno. Nataka akuone kabla hajakusikia.

Nisalimie shemeji, mwambie nimemsamehe ule mkia. Wapwa zangu wote wabusu. Mjomba anakusalimu, anasema kijivu kilikuwa sahihi, na kweli kilikuwa. Mungu awafungulie njia, awafikishe mapema.

Mdogo wako akupendaye na anayekungoja,
Mbishi